Mzee akichelewa kujibu sio kwamba akili imeisha. Napiga picha za ubongo mwaka wa 11 sasa, naomba niwaeleze kinachoendelea mule ndani

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari za wikiendi. Huu uzi nimeuwaza tangu Desemba, leo niko ofu ndo nimepata nafasi ya kukaa na simu, utakua mrefu kidogo mnivumilie, na kama una mzazi aliyevuka 65 usome wote hata kama ni kwa vipande vipande.

Kazi yangu ni kupiga picha za MRI hapa Dar. Sio daktari, picha inasomwa na daktari wa mionzi na yeye ndo anaandika ripoti, ila ukikaa miaka 11 unaangalia vichwa vya watu kila siku kuna vitu jicho linazoea lenyewe. Ila kilichonileta hapa hakikutokea kazini, kimetokea nyumbani.

Baba yetu ana miaka 76. Alikua stesheni masta reli ya kati, kahamishwa hamishwa stesheni mpaka tukawa tunasoma kila darasa mji mwingine. Desemba tumekutana nyumbani wote, kaka mkubwa kampeleka ATM kuchukua pensheni, mzee kasimama pale mashineni muda mrefu, kakosea namba ya siri mara mbili, foleni nyuma ikaanza kuguna, kaka akaingia akamsogeza pembeni akamalizia yeye. Usiku kwenye kikao cha ndugu ikaletwa hoja kwamba mzee "ameshaanza kupotea", kadi ashike kaka, na hati ya shamba ihamishwe mapema kabla hajasahau kila kitu. Yote haya yanasemwa mzee kakaa palepale kwenye kiti chake, anasikia. Hakujibu neno. Kesho yake asubuhi nilimkuta kakaa nje peke yake anataja stesheni kwa sauti ya chini, Morogoro, Kimamba, Kilosa, Gulwe, Dodoma, kaenda hivohivo mpaka Kigoma hajakosea mpangilio. Alikua anajipima mwenyewe kama kweli ameanza kupotea. Iliniuma sana wakuu.

Sasa mtu anayepotea anatajaje stesheni za reli ya kati kwa mpangilio halafu anakwama kwenye namba nne za siri na watu wanamguna mgongoni? Jibu lipo kwenye waya za ubongo, ndo nataka tuongelee.

Wengi tumekua tukijua kwamba uzee ni seli za ubongo kufa kwa wingi. Sivyo. Ubongo wa mtu una seli za fahamu kama bilioni 86, na kuna watafiti wa Denmark walizihesabu zile za gamba la juu la ubongo kwa watu wa umri tofauti, matokeo wakayatoa 1997: kuanzia miaka 20 mpaka 90 upungufu ni kama asilimia 10 tu. Yani stesheni nyingi bado zipo na stesheni masta wake wamo ndani. Kinachochakaa ni reli. Timu hiyohiyo ya Denmark 2003 wakapima urefu wa nyuzi zinazounganisha hizo seli, zile zenye ganda la mafuta linaloitwa mayelini. Mwanaume wa miaka 20 wakamkuta na kilomita kama 176,000 ndani ya kichwa kimoja, hiyo unaizunguka dunia mara nne na chenji inabaki. Wa miaka 80 wakamkuta na kama 97,000. Kwa wanawake wakaanza na 149,000 wakaishia 82,000. Ni karibu nusu ya reli imeondoka wakati stesheni zimebaki karibu zote!

Na lile ganda la mayelini ndo linafanya ujumbe ukimbie. Likianza kuchubuka ujumbe unafika ila unafika umechelewa, na mwingine inabidi uzungukie njia nyingine. Kwenye picha naliona hili kila wiki, mtu mwenye miaka 70 kwenda juu ni kawaida kabisa kukuta vidoa vyeupe kwenye ile sehemu ya ndani ya ubongo inakopita waya, na vikiwa vingi mara nyingi ukiuliza unaambiwa ana presha ya siku nyingi. Mishipa midogo ya damu inayolisha zile waya ndo imeumia.

Naenda kula nikirudi naendelea.

#2

Tuko hapa mkuu shusha nondo. Mama yangu akitaka kuniita anaanza na jina la kaka, la dada, la mjukuu, la mbwa, ndo anafika kwangu 😂 sijui na yeye reli imechakaa

#3

Mleta uzi umenigusa, huyo kaka yenu mwambieni asiwe na haraka na hati.

#4 – Mleta uzi

Nimerudi. Mkuu #2 hiyo ya mama kuchanganya majina hata mama wa miaka 35 anafanya, majina ya watoto kayaweka kapu moja na anayavuta kwa pamoja, usimhesabie kwenye uzee.

Tuendelee. Ubongo haufanyi kazi kama kijiji ambacho kila mtu anaongea na kila mtu. Una mitandao, mtandao wa kuona, wa kusikia, wa kutembea, wa kuweka umakini, na kuna mmoja ambao unawaka ukiwa umekaa tu huna unalofanya unawaza mambo yako na kukumbuka ya zamani, huo alieueleza vizuri ni Marcus Raichle wa Marekani mwaka 2001. Ukiwa kijana kila mtandao una reli yake, treni za mizigo huku, za abiria huku, zinakutana kwenye stesheni kubwa chache tu. Chukulia Tabora, ukitoka Dar unafika pale, wa Mwanza anakata kwake wa Kigoma anaendelea. Stesheni kama hizo ubongoni ni chache na ndo zinabeba kila kitu.

Umri ukienda vinatokea vitu viwili. Cha kwanza, ndani ya mtandao mmoja mawasiliano yanalegea, hasa kati ya mbele na nyuma ya ubongo, hili lilionekana wazi kwenye utafiti wa 2007 kuhusu huohuo mtandao wa Raichle. Cha pili, na hiki binafsi ndo naona kinaeleza tabia nyingi za wazee wetu, ile mipaka kati ya mtandao na mtandao inafifia. 2014 kuna wamarekani walipima watu wa kuanzia miaka 20 mpaka 89 wakakuta kadri umri unavyopanda mitandao inazidi kuingiliana, na yule ambae mitandao yake imebaki imetengana vizuri ndo kumbukumbu yake inafanya vizuri, haijalishi ana miaka mingapi.

Mrudishe sasa mzee kwenye ATM. Kijana akisimama pale kelele za foleni ubongo wake unazifungia nje, hazipati njia. Mzee wa miaka 76 kelele ile inapita reli ileile inayopita namba ya siri. Ukimguna unamwongezea treni nyingine kwenye njia ambayo tayari imejaa. Namba anaijua, ipo, ila inasubiri njia ifunguke. Ndo maana unamkuta mzee redio inaongea na wewe unamuuliza swali anakwambia zima kwanza hiyo redio. Ana sababu.

Halafu kuna kitu kizuri sana ambacho huwa hakisemwi. Mtafiti anaitwa Roberto Cabeza mwaka 2002 aliwapima vijana na wazee kwenye kazi ya kumbukumbu huku anaangalia ubongo unawaka wapi. Vijana walitumia zaidi upande mmoja wa mbele. Wazee waliofanya vibaya nao walitumia upande huohuo mmoja, wanang'ang'ania njia ya ujanani. Wazee waliofanya vizuri, wanaokaribiana na vijana, walikua wanawasha pande zote mbili. Ubongo wao ulikua umetafuta msaada upande wa pili, reli moja imechoka ukafungua nyingine. Kwahiyo sio kweli kwamba ubongo wa mzee umekaa tu unasubiri kufa, unafanya ukarabati kila siku, ila ukarabati unataka muda na wewe mtoto wake ndo unatakiwa umpe huo muda.

#5

Sikubaliani. Babu yangu kafa na miaka 92 akili kama wembe, alikua anakumbuka deni la mbuzi la mwaka 58. Hizi shida ni za hawa wazee wa siku hizi wanaokula mikate na chipsi. Wazee wa zamani hawakua hivi.

#6 – Mleta uzi

Mkuu #5 pole kwa babu, na nakuamini kabisa. Ila angalia huo mfano wako, deni la mbuzi la mwaka 58 ni kumbukumbu ya zamani iliyorudiwa mara elfu, hizo ndo za mwisho kuondoka. Akili ya mtu sio kitu kimoja. 2015 watafiti Hartshorne na Germine waliangalia watu maelfu kwa maelfu wakakuta kila uwezo una kilele chake, kasi ya kuchakata inafika juu ukiwa na miaka kama 18 au 19, kumbukumbu ya muda mfupi kwenye 25 hivi, halafu hazina ya maneno inaendelea kupanda mpaka mwishoni mwa 60 na mwanzoni mwa 70. Kwahiyo wewe wa miaka 30 unayemcheka mzee kwa kuchelewa, kasi yako na wewe imeanza kushuka muda tu ila hujaiona, na kwa maneno mzee anakushinda. Wazee wanasuluhisha ndoa za watu wakati vijana wanapiga kelele, nguvu hiyo ndo wanaitumia.

Na kuhusu kwanini babu yako alikua hivo wengine hawako hivo, kuna kitu kilifanyika Scotland hakina mfano. Tarehe 1 Juni 1932 karibia watoto wote wa nchi ile waliozaliwa 1921 walikalishwa mtihani mmoja wa akili, watoto 87,498. Karatasi zikahifadhiwa. Miaka karibu 70 baadae profesa Ian Deary na wenzake wakawatafuta waliobaki hai wakawapa mtihani uleule. Karibu nusu ya tofauti kati ya wazee ilishaonekana wakiwa na miaka 11. Kwenye nusu nyingine ndo yanaingia na maisha, sigara, presha, shule, kazi, mwendo. Ndo maana mzee ukimlinganisha na mzee wa jirani humtendei haki, mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana.

#7

Dada naomba kuuliza, kuna vidonge naona matangazo kila sehemu vya kuongeza kumbukumbu kwa wazee, vinafaa? Nataka nimnunulie mama.

#8 – Mleta uzi

Hela hiyo mnunulie mashine ya kupima presha. Nasema kwa uchungu kwasababu nimeona watu wanakopa kununua hivo vidonge. Hakuna kidonge cha dukani kilichothibitishwa kurudisha waya za ubongo kwa mzee mzima wa afya.

Kilichopimwa ni hivi. Presha: Marekani kuna utafiti mkubwa watu zaidi ya 9,000, nusu wakashushwa ile namba ya juu ya presha mpaka chini ya 120 nusu chini ya 140, majibu yakatoka 2019, kwa walioshushwa zaidi hatari ya kumbukumbu kuanza kulegea ilipungua kwa kama asilimia 19. Kutembea: 2011 wazee 120 wa miaka 55 hadi 80 wakagawanywa, wengine wakatembea kwa kasi dakika 40 mara tatu kwa wiki, wengine wakafanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Baada ya mwaka ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya, hipokampasi, kwa wanaotembea iliongezeka asilimia 2, kwa wale wengine ilipungua 1.4. Iliongezeka wakuu! Kwenye mzee wa miaka 70! Mimi hii nilivyoisoma nilirudia mara tatu.

Na masikio. Masikio tunayadharau sana. Mzee asiyesikia vizuri ubongo wake unatumia nguvu zote kukisia maneno, za kukumbuka hazibaki, halafu anaona aibu kuuliza "umesemaje" anaacha kukaa na watu, na upweke nao unamla. 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yangeweza kudhibitiwa, kwa pamoja yanahusika na karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa dimenshia (ule wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa akili) duniani, kusikia kumo, kuona kumo, presha, sukari, sigara, upweke, elimu ya utotoni, hewa chafu, vyote vimo.

Sasa niwaambie kilichokuta baba. Baada ya kile kikao niliomba nibaki nae wiki mbili. Kwanza nikamuuliza analalaje, akanionyesha kopo la Piriton, anakunywa mbili kila usiku mwaka wa pili huo, jirani alimwambia zinaleta usingizi. Wakuu ile dawa inazuia kemikali moja ubongoni ambayo kumbukumbu inaitegemea, na kwa wazee madaktari wanashauriwa waiepuke kabisa. Ni wazee wangapi mtaani kwenu wanaimeza kila siku kama pipi? Pili nikampeleka kliniki, presha 168 kwa 94, dawa alikua anakunywa akijisikia kuumwa kichwa tu. Tatu masikio, yalikua yamejaa nta yote mawili, nesi kayasafisha mzee akatoka nje akasema "kumbe ndege bado wapo". Daktari akamwachisha Piriton, presha akampangia upya.

Ilipita kama miezi miwili. Hajarudi kua kijana, nisidanganye mtu. Bado anachelewa, bado miwani anaitafuta ikiwa kichwani. Ila ule ukungu umeondoka, anafatilia mazungumzo, bao anacheza kila jioni pale kwa fundi baiskeli na anakumbuka kete ziko ngapi kwenye kila shimo.

#9

Mimi nataka niseme kitu kinanisumbua. Bibi yetu alikua anatoka usiku anatembea, anakutwa kwenye uwanja wa watu, akiulizwa anafanya nini hajui. Kijijini wakasema mchawi. Tukamhamisha usiku kumwokoa. Sa hivi nasoma huu uzi najiuliza alikua anaumwa?

#10 – Mleta uzi

Mkuu #9 pole sana, na mlifanya jambo kubwa kumtoa pale. Siwezi kusema bibi alikua na nini bila kuonwa na daktari ila mzee anayetoka usiku na hajui yuko wapi huo sio uzee wa kawaida, ni mgonjwa anayehitaji hospitali. Na Kilifi kule Kenya, na kwetu huku kanda ya ziwa, wazee wameuawa kwa maneno hayohayo ya uchawi. Ni wangapi kati yao walikua wagonjwa wa kusahau tu na hakuna aliyejua?

Na mimi niliyeanza huu uzi kuwatetea wazee na hili nalibeba. Shangazi yangu, dada yake baba, alianza kwa kuuliza swali moja mara tano ndani ya saa moja. Tukasema uzee. Akasahau jinsi ya kupika ugali, mwanamke aliyepika ugali miaka 60, akawa anamimina unga kwenye maji baridi. Tukasema uzee. Akaanza kumshutumu mkwewe kwamba kamwibia vitenge, hapo ndo ikawa ugomvi wa ukoo. Tulivyompeleka hospitali ilikua imepita miaka minne, na picha niliiona mimi mwenyewe, pale kwenye hipokampasi pamesinyaa pande zote mbili. Nilitoka nje ya chumba nikakaa kwenye ngazi.

Kwahiyo shikeni tofauti hii. Anayesahau jina halafu linakuja baadae peke yake, anayechelewa lakini anafika, huyo reli zake zimechoka, mvumilie. Anayesahau kwamba amesahau, anayepotea njia aliyoipita miaka, anayeshindwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, huyo mpeleke, usiseme uzee. Na anayechanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu mpeleke leoleo, kwa wazee hata maambukizi ya mkojo yanafanya hivo na yanatibika. Upungufu wa vitamini B12 nao, na tezi ya shingo, vipimwe kabla ya kukata tamaa.

Hapa kwetu wilaya ya Hai Kilimanjaro ulifanyika utafiti wa nyumba kwa nyumba kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ulitoka 2013, wakakuta dimenshia kwa kama wazee 6 kwa kila 100. Maana yake 94 hawana. Na hukohuko ndo kimetengenezwa kipimo kifupi kinaitwa IDEA ambacho mzee hahitaji kujua kusoma, sehemu moja anapangiwa njiti za kiberiti kwa umbo fulani na yeye anapanga vilevile. Hii imenipa furaha kweli maana vipimo vingi vya wazungu vinamtaka mzee achore saa na asome sentensi, bibi asiyesoma anaonekana mgonjwa kumbe hakupelekwa shule tu.

#11

Mleta uzi vipi kuhusu ile kadi ya benki, iliishaje?

#12 – Mleta uzi

Kaka nilimtumia voisi ndefu sana kwenye grupu la familia nikamweleza haya yote, alikaa kimya siku tatu halafu akampigia baba simu akamwomba radhi. Sijui waliongea nini zaidi, sijauliza. Kadi anayo mzee. Hati ya shamba iko kwake.

Jumanne iliyopita nilikua nyumbani nikamsindikiza ATM. Tumeenda saa mbili asubuhi katikati ya mwezi hakuna foleni, nikamwambia baba mimi nakaa huku kwenye benchi. Kaingia. Nikawa naangalia saa ya simu, dakika moja, mbili, tatu, nilitamani kusimama nikajizuia. Dakika ya tano mlango ukafunguka, katoka anahesabu noti taratibu, kanipa elfu kumi, akaniambia "mama hii ya nauli, na usinisubiri tena hapo benchi, watu watadhani naumwa."